Betri Katika Buti: Fyuzi na Ikae Wapi?

Ndugu askari, wako wenye magari wapendao kuihamisha betri kutoka chini ya boneti na kuiweka nyuma, katika buti. Sababu zao si mbaya. Joto la injini hufupisha maisha ya betri, na uzito wake, ambao waweza kufika kilo 15 au zaidi, ukiwekwa nyuma hupunguza mzigo wa magurudumu ya mbele. Hata viwanda vimefanya hivyo: Mini ya Uingereza ya mwaka 1959 ilitoka na betri katika buti, na Mazda MX-5 ya mwaka 1989 vilevile.

Lakini tuliwahi kuliona gari la mwenzetu mmoja likatutia hofu. Waya mnene ulipitishwa katika tundu la bati bila pete ya mpira, na mtikisiko wa barabara ukaula mpira wake hata shaba ikaonekana. Kando ya betri palikuwa na dumu la petroli. Fyuzi ilikuwako, lakini mbele, karibu na injini! Mwenye gari alidhani yu salama.

Mlinzi aliyewekwa lango la mbele hamzuii adui aingiaye kwa nyuma. Waya ukigusa bodi katikati ya safari yake, umeme hurudi kwenye betri kwa njia ya bodi bila kuipitia fyuzi hiyo. Betri yaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000, na waya huwaka moto hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kwa hiyo fyuzi haina budi kukaa karibu na ncha chanya ya betri, isizidi sentimeta 30. Nguvu yake ipite mahitaji ya stata, lakini isifikie ile iwezayo kuunguza waya.

Waya nao uwe mnene. Stata ikivuta ampea 200, mita 5 za shaba ya milimeta 16 za mraba hupoteza volti 1 hivi. Ya milimeta 50 za mraba hupoteza theluthi moja tu. Waya hasi uwe na unene uleule, nao ukazwe kwa bolti penye chuma kitupu kisicho na rangi.

Tena, betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na asilimia 4 ya gesi hiyo hewani yatosha kulipuka kwa cheche moja. Basi iwekwe katika sanduku lililofungwa, lenye mpira wa kutolea gesi nje ya gari, nayo ikazwe isihame gari lipinduka.

Kabla ya kazi, fungua kwanza waya hasi. Nao uwe wa mwisho kufungwa. Askari hukagua bunduki yake kabla ya doria. Na aufungue mlango wa buti pia, atazame fyuzi iko wapi.