Vidonda vya Tumbo na Unga wa Kihindi

Imetufikia barua ya mwanachama mmoja wa Pemba ambaye kijana wake anafanya kazi Nyalikungu, wilaya ya Maswa, katika Mkoa wa Simiyu. Kijana ana vidonda vya tumbo. Alianza dawa za hospitali, kisha akaziacha kwa kuwa ameuziwa unga wa Kihindi na kuambiwa kwamba ndani yake imo karafuu ya Zanzibar. Mzee anatuuliza masuali mawili: Je, ni kweli karafuu imo? Na je, unga huo utamponya? Kwa kuwa maradhi haya yamo katika nyumba nyingi, tumeona yafaa kuyajibu hapa kwa faida ya wote.

Suali la kwanza jawabu lake ni ndiyo, karafuu huwamo. Utabibu wa kale wa Wahindi huitwa Ayurveda, maana yake elimu ya maisha. Matabibu wake husema mwili huendeshwa na nguvu tatu, nazo ni vata, pitta na kapha. Pitta ndiyo ya moto na uchachu, na ikizidi tumboni mtu hupata kiungulia, maji machungu kinywani na maumivu. Hali hiyo wameiita amlapitta. Vitabu vyao vya zamani vimeeleza pia maumivu yanayokuja chakula kinapokuwa kimekwisha kusagika, na kila aliyeugua vidonda anayajua maumivu hayo ya usiku wa manane.

Kwa amlapitta wao hutumia unga uitwao Avipattikara. Hutengenezwa kwa tangawizi, pilipili manga, iliki, amla na vitu vinginevyo, jumla yake kumi na kimoja, fungu moja moja. Kisha hutiwa karafuu, ambayo wao huiita lavanga, kwa kadiri ya vyote hivyo pamoja, yaani mafungu 11. Hufuata mzizi wa kuharisha uitwao trivrit mafungu 44, na sukari mafungu 66. Basi katika mafungu 132, karafuu ni 11. Tangu karne ya 19 majahazi na meli zilichukua karafuu zetu kwenda Bombay, na si ajabu baadhi yake zikarudi pwani hii zimesagwa ndani ya chupa ya dawa.

Lakini suali la pili ndilo kubwa. Kutuliza ni jambo moja, na kuponya ni jambo jingine. Zamani watu wote, hata madaktari wa Ulaya, walidhani vidonda huletwa na pilipili na fikira nyingi. Mwaka 1982, katika mji wa Perth huko Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha kijidudu kinachoishi ndani ya tumbo, ambacho leo huitwa Helikobakta pailori. Wenzao walipokuwa hawajasadiki, Marshall alikinywa kijidudu hicho mwaka 1984, na tumbo lake likawaka uvimbe. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Sababu kubwa ya pili ni dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Hapa wachumaji wetu wasikie vizuri: mtu hushuka mkarafuu mgongo unamuuma, akameza vidonge viwili bila ya kula, na kesho vivyo hivyo mpaka mchumo uishe. Dawa hizo hudhoofisha utando unaolinda tumbo.

Basi mwenye kijidudu hataponywa na unga peke yake. Hapana budi apimwe, kwa choo, kwa pumzi au kwa mpira wenye kamera, kisha apewe dawa za kuua kijidudu pamoja na dawa ya kupunguza uchachu, mara nyingi kwa siku 14. Anayeziacha katikati kwa kuwa maumivu yamepungua hukiachia kijidudu nafasi ya kuzizoea dawa, na baadaye huwa vigumu zaidi kukitoa.

Hatusemi kwamba elimu ya Wahindi haina faida. Mashauri yao juu ya chakula ni mema: kula kwa wakati, usishibe kupita kiasi, punguza achari, pilipili na vya kukaanga, usikeshe, wala usile kwa hasira. Ndizi mbichi iliyokaushwa na kusagwa wataalamu wameijaribu kwa panya, na ikaonekana kulinda utando wa tumbo. Mzizi mtamu ambao Wahindi huuita jethimadh na Waarabu irk-sus umechunguzwa sana, hata Waingereza wakatoa kwake dawa ya vidonda, karbenoksoloni, katika miaka ya 1960. Ila ilionekana kwamba hupandisha presha na kuvimbisha miguu. Kwa hivyo mwenye presha, maradhi ya moyo au ya figo, na mama mjamzito, wajiepushe na mzizi huo.

Khatari nyingine ni unga usiojulikana ulikotoka. Mwaka 2004 wachunguzi wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizotengenezwa Asia ya Kusini, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Usinunue unga usio na jina la mtengenezaji. Na ule mzizi wa kuharisha haumfai mtu dhaifu wala mjamzito.

Tena, mtu asije akasema, madhali karafuu ni dawa, basi nitakunywa mafuta ya karafuu au ya makonyo. Punje chache ndani ya chai si sawa na mafuta. Mafuta ni makali mno, huunguza, na mtoto akiyanywa yaweza kumharibu ini. Yawekwe mbali na watoto.

Mwenye kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, au tumbo kuwa gumu ghafla kwa maumivu makali, asingoje unga wala chai. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Kwa mzee wetu jawabu ni hili: mwandikie kijana arudi hospitali ya Maswa, achukue na ule unga amwonyeshe daktari, na amwambie kweli kwamba dawa aliziacha. Chakula cha taratibu aendelee nacho. Karafuu tunaijua thamani yake kuliko mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hatupendi kuona jina lake likitumiwa kumtoa mgonjwa katika dawa yake.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama