Likizo ya uzazi humhusu pia mchuma chai wa msimu

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

Katika Milima ya Usambara, kazi nyingi za mashambani hufuata mvua. Masika yakishika, mashamba ya chai huhitaji watu wengi wa kuchuma. Mvua zikikatika, vibarua hupunguzwa. Ni rahisi basi kudhani kwamba likizo ya uzazi yenye malipo ni haki ya mwalimu, muuguzi na karani wa halmashauri tu, na kwamba mwanamke wa kazi za msimu akijifungua hana la kudai. Sheria haisemi hivyo.

Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kanuni kuwa mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hastahili likizo yenye malipo. Anayeishia hapo kusoma hukosa sehemu inayowagusa zaidi watu wa Lushoto na Bumbuli. Sheria hiyohiyo inaendelea kueleza kwamba aliyeajiriwa kwa msimu anastahili likizo hiyo. Anastahili pia aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa mwajiri yuleyule, ikiwa jumla ya muda wake inazidi miezi 6 katika mwaka huo. Kwa mfano, mchumaji aliyefanya kazi kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, kisha akaitwa tena Oktoba hadi Desemba, amefikisha miezi 7. Kwa sababu hiyo inafaa kutunza nakala ya mkataba, stakabadhi za malipo na kumbukumbu zozote za mahudhurio, hata kama kazi yenyewe inaitwa kibarua.

Likizo ni ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mjamzito anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, na hapaswi kurejea kazini kabla ya wiki 6 kupita tangu ajifungue, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Haki hii hutolewa katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri halazimiki kuitoa zaidi ya mara 4. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama hupata siku nyingine 84 ndani ya mzunguko huohuo. Kwa mtoto njiti, marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwanzoni mwa mwaka 2025 yanaongeza muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito.

Mama anaporejea kazini, masharti ya ajira yake hubaki yaleyale, na anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Katika miteremko ya Usambara saa hizo zinaweza kuishia njiani, hivyo ni vyema mahali pa kunyonyeshea pakakubaliwa mapema na mwajiri. Aidha, mjamzito au anayenyonyesha hapaswi kupewa kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Kupulizia viuatilifu kwenye mboga ni mfano ulio wazi.

Baba naye anastahili angalau siku 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache.

Wapo wasiofikiwa kabisa na sheria hii. Mkulima mdogo anayeuza majani mabichi ya chai kiwandani, au kabichi katika soko la Lukozi, hana mwajiri wa kumlipa anapojifungua. Hilo ni pengo, na katika wilaya ya wakulima si pengo dogo.

Kumwachisha mfanyakazi kazi kwa sababu ya ujauzito si halali. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa kazi. Kwa migogoro mingine, ikiwemo kunyimwa malipo ya likizo, muda ni siku 60 tangu mgogoro uanze. Aliyechelewa anaweza kuiomba Tume impokee, lakini atapaswa kueleza sababu za msingi za kuchelewa kwake.