Kozi za Mtandaoni: Kusoma Pekee Hakutoshi, Mwalimu Ashiriki kwa Vitendo

Na Mwandishi Wetu

Matumizi ya TEHAMA yamewawezesha watumishi wa umma kujiendeleza kitaaluma bila kuondoka katika vituo vyao vya kazi. Miongoni mwao ni walimu ambao, kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), husoma moduli zilizomo katika mfumo wa kielektroniki wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kila mmoja kwa muda na kasi yake.

Uhuru huo una faida kubwa, lakini una changamoto zake. Pasipo kengele wala mkufunzi wa kuuliza swali, ni rahisi kufungua kurasa moja baada ya nyingine na kudhani kuwa somo limeeleweka. Wengine huishia njiani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu kozi za mtandaoni za vyuo vya Harvard na MIT vya Marekani ulibaini kuwa katika mwaka 2017/2018 takribani asilimia 3 tu ya washiriki ndio waliokamilisha kozi zao.

Suluhisho ni ujifunzaji tendaji, yaani mwanafunzi kufikiri, kujibu na kutenda badala ya kupokea maelezo tu. Utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 unaonesha sababu. Wanafunzi waliorudia kusoma habari walikumbuka asilimia 81 baada ya dakika 5, ilhali waliojipima kwa kuandika walichokikumbuka walipata asilimia 75. Baada ya wiki moja hali ilibadilika: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Hivyo, wepesi wa kusoma waweza kumdanganya msomaji.

Kwa mwalimu anayesoma moduli, hatua zinazofaa ni tatu. Kwanza, afunge ukurasa kila amalizapo sehemu, aandike hoja kuu kwa maneno yake, kisha alinganishe na matini. Pili, achague mbinu moja na kuijaribu darasani wiki hiyohiyo, akiandika kilichofanikiwa na kilichokwama. Tatu, awasilishe matokeo hayo katika jumuiya ya ujifunzaji shuleni, ambako walimu wenzake watauliza maswali ambayo kompyuta haiulizi.

Waandaaji wa kozi nao wana wajibu wa kuweka maswali mafupi kila baada ya sehemu, pamoja na maelezo ya kwa nini jibu ni sahihi au si sahihi.

Suala hili linamgusa kila mzazi. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, inasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda alichojifunza. Ni vigumu kwa mwalimu kumjengea mtoto umahiri huo iwapo yeye mwenyewe amejifunza kwa kupitisha macho kwenye kurasa. Kukamilisha moduli ni hatua njema, lakini manufaa yake yatapimwa kwa mabadiliko yanayoonekana darasani.