Mguu wa Mzee na Njia ya Wapagazi

Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara wa wapagazi, hakukubali kupitwa. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba mpagazi aliyemtangulia kirangozi alitozwa faini, na mshale ulichomolewa podoni mwake ili kambini ajulikane mkosaji ni nani. Wengine husoma hilo kama kioja cha kale. Mimi, ninayeshughulika na magoti na migongo ya watu waliovuka miaka 60, naona humo kuna tiba.

Hapa Usoke, magharibi ya Tabora, leo ni kituo cha treni ya Kigoma. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, karibu kila bidhaa ya nchi hii ya Unyamwezi ilisafiri begani au kichwani mwa mtu: mzigo wa kilo 30 hivi, na kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Ubavu peke yake usingewafikisha. Waliondoka alfajiri na kupiga kambi jua lisijawa kali. Siku ya kwanza walikwenda kidogo tu, aliyesahau kitu aweze kurudi kukichukua.

Mwili wa mtu mzima unataka mwanzo kama huo. Moyo na mapafu huzoea mwendo upesi, lakini kano huchelewa. Ndiyo maana wiki ya pili mzee hujiona kijana, anaongeza kilomita, halafu kisigino kinamlaza ndani. Atembee kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kuhema, na wakitembea kundi, aliye dhaifu kuliko wote ndiye awe kirangozi.

Mazungumzo hayo nayo ni dawa. Wajane na wagane wakiwa njiani husema mambo ambayo mbele ya meza yangu hawayasemi. Nadhani ni kwa sababu wanatazama njia, hawatazamani usoni. Hata hivyo tusiipambe njia hii ya wapagazi. Walipitishwa humu pia watumwa waliofungwa minyororo shingoni, na mwendo ule uliwaua wengi. Asilazimishwe mtu kutembea, hata na wanawe wanaomtakia afya.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kwa waliofikisha miaka 65, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3 au zaidi. Safari ndefu ijengwe juu ya hapo. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma; wengi huishika upande uleule na goti linazidi kulemewa. Maji yanywewe kwa saa, maana uzeeni kiu hupungua, na anayemeza dawa za presha za kukojoza amwone daktari kwanza. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni. Kandambili ziachwe nyumbani.

Miezi ya Juni hadi Septemba njia huwa kavu, lakini miombo ya huku ina mbung'o. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, basi vaa nguo za rangi ya udongo, mikono mirefu. Ukirudi ukashikwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, mwambie mhudumu wa zahanati kwamba ulipita porini, ili upimwe malale pia.