Asiya: Jina Moja Masikioni, Mawili Maandishini

Majina ya Kiarabu tuliyorithi hapa pwani ni mengi, lakini ni machache yazushayo ubishi kama jina la Asiya. Hutokea mtu akasikia katika darasa ya msikitini kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alimbadilisha jina mwanamke aliyekuwa akiitwa Asiya, akamwita Jamila. Akitoka hapo humwendea jamaa yake mwenye jina hilo, akamwambia halifai, alibadilishe. Na maskini huyo huenda alipewa jina hilo ili kulihuisha la nyanya yake aliyekwisha kufa. Je, aliache?

Jawabu, ndugu msomaji, limo katika herufi. Hadithi yenyewe ni sahihi. Imam Muslim ameipokea kutoka kwa Ibn Umar, na mwanamke huyo alikuwa binti wa Sayyidna Umar. Ila jina lake huandikwa kwa ain na swadi, na shina lake ndilo lililotupa sisi Waswahili maneno kuasi na maasi. Maana yake ni mwanamke mwenye kuasi. Waarabu wa zama za Jahiliya hawakuliona kuwa ni tusi. Wao walikusudia mtu asiyekubali kuonewa wala kudhalilishwa. Ulipokuja Uislamu, ambao maana yake ni kujisalimisha kwa Mwenyezi Mungu, jina la namna hiyo halikupendeza tena. Hata mwanamume aliyeitwa Al-Asi, mwana wa Al-Aswad, Mtume alimwita Mutii, yaani mtiifu.

Asiya wetu ni mwingine kabisa. Yeye huandikwa kwa alifu ya kuvutwa na sini. Mabingwa wa lugha hulifungamanisha jina hili na shina lenye maana ya kutibu jeraha na kumliwaza mwenye huzuni. Na kwa Waarabu neno hilo hilo ni nguzo inayoshikilia jengo. Ndilo jina la Bibi Asiya binti Muzahim, mkewe Firauni.

Qurani haikumtaja kwa jina. Jina tumelipata katika hadithi. Katika Surat al-Qasas, yeye ndiye aliyemtetea Nabii Musa alipokuwa mchanga, asiuawe, akataka wamlee. Na katika Surat at-Tahrim, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amempigia mfano kwa walioamini wote, wanaume kwa wanawake, kwa ile dua yake ya kuomba ajengewe nyumba Peponi karibu na Mola wake, na aokolewe na Firauni na vitendo vyake. Tena katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume alimtaja pamoja na Bibi Maryamu binti Imrani kuwa ni katika wanawake waliofikia ukamilifu.

Hebu tuzingatie. Mama huyu alikuwa mke wa mfalme, hakukosa kitu, na mumewe alijidai kuwa ni mungu. Akamkataa kiumbe ili amtii Muumba. Mzazi atamtakia binti yake sifa gani ipitayo hiyo?

Taabu basi haimo katika jina, imo katika ndimi zetu. Kiswahili cha kila siku hakina ain, na swadi na sini kwetu zote ni s. Tazama pia jina la Amina. La mamake Mtume, Bibi Amina binti Wahab, huvutwa mwanzoni, na maana yake ni aliye katika amani. Lipo na jingine livutwalo katikati, maana yake mwaminifu. Sisi twayatamka mamoja, na hapana dhara, kwani yote mawili ni mema. Kwa Asiya mambo si hayo.

Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliweza kuona tofauti hii kwa macho. Leo vyeti huandikwa kwa herufi za Kizungu: huyu Asia, yule Asya, mwingine Asiya. Na asomaye Asia hudhani ni lile bara, ambalo jina lake limetoka kwa Wayunani na halihusiani na haya.

Kwa hivyo siku ya saba, wakati wa akika, mzazi amwombe mwalimu wa chuo amwandikie jina la mtoto kwa Kiarabu, na karatasi hiyo aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ama aliye na jina hili tayari, asikimbilie kulibadilisha kwa neno la kusikia tu, kwani kufanya hivyo ni kujitia katika safari ya vyeti, kitambulisho na pasi ya kusafiria. Akiulizwa, na ajibu kwa upole kwamba lake ni la alifu na sini, jina la mke wa Firauni aliyeahidiwa Pepo.