Msukaji mkeka naye ahesabu siku zake

KIJIJI cha Makumbusho kilichopo Kinondoni, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1967 na kinafahamika kwa nyumba zake za asili za makabila mbalimbali. Hapo pia mafundi huonyesha na kuuza vinyago, vyungu na mikeka.

Kiuchumi, maonyesho ya namna hii ni soko. Tatizo ni bei. Mteja huona majani tu, naye msukaji akihofia kurudi na mzigo hushusha bei. Lakini ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, huchemshwa na rangi, husukwa ukili, ndipo ukili ushonwe kuwa mkeka.

Tuchukue mfano. Ukindu na rangi vikigharimu Sh15,000, kazi ikachukua siku 10, kisha mkeka ukauzwa Sh35,000, msukaji amejilipa Sh2,000 kwa siku. Hapo nauli bado.

Ni kosa lile lile la mkulima anayehesabu mbegu na mbolea, akasahau nguvu zake. Kabla ya kupeleka mkeka sokoni, msukaji aandike kwenye daftari gharama na siku alizotumia. Akijua bei inayompa hasara, atajua pa kukataa.