Senta Mfupi Kutoka Bamako

Adama Sanogo ana urefu wa mita 2 na sentimita 6. Mtaani kwetu angeinama kila mlango, lakini kwa senta wa kikapu Marekani hicho ni kimo cha mtu mfupi. Nafundisha kikapu vijana wa sekondari hapa Dar es Salaam, na kila nikiwaona wameanza kupimana vimo badala ya kufanya mazoezi, nawafungulia simu nawaonyesha mechi zake.

Alizaliwa Bamako, Mali, mwaka 2002, akaanza na mpira wa miguu kabla ya kuhamia kikapu. Mali wana kikapu kwelikweli: mwaka 2019 vijana wao wa chini ya miaka 19 walifika fainali ya Kombe la Dunia, wakawa wa kwanza Afrika kufanya hivyo. Sanogo aliondoka nyumbani angali mdogo, akamalizia sekondari New Jersey katika shule ya The Patrick School, kisha mwaka 2020 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, kinachojulikana zaidi kama UConn. Chuo hicho si kigeni kwetu. Ndiko alikocheza Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, aliyefika nusu fainali ya taifa mwaka 2009 na miezi michache baadaye akachaguliwa wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia NBA mwaka ule.

Hasheem ana mita 2.21. Tangu enzi zake wazazi wenye watoto warefu wamekuwa wakinijia na ombi lile lile: "Kocha, huyu kijana wangu si unamwona mwenyewe? Mtafutie njia ya Marekani." Nami hujibu, "Sawa mzee wangu, ila kwanza ajifunze kudaka mpira."

Kudaka ndiko Sanogo anakoanzia. Mtazame anapoomba mpira karibu na ringi: magoti yamekunjwa, makalio yamemsukuma beki nyuma, kiganja kimoja kiko wazi kumwonyesha mwenzake pa kutupia. Mpira ukifika haudundishi ovyo. Anatulia kidogo, anasikilizia kwa mgongo beki ameegemea upande gani, kisha anazungusha mguu kuelekea upande ulioachwa wazi, na bega linafuata. Beki akishtuka, kashapitwa. Akiwahi kuziba, Sanogo anarudisha mguu na kuuzungushia mpira juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mita 2.21. Ni hatua za miguu, na miguu inafundishika hata kwenye uwanja wa saruji uliopasuka.

Mwaka wake wa kwanza chuoni alipata wastani wa pointi 7 kwa mechi. Mwaka wa tatu zilifika 17, na kijana wa chini ya ringi alikuwa ameshajifunza kufunga hata kwa mitupo ya pointi tatu. Wakati huo ndipo Machi 2023 ilipoingia.

Machi ni mwezi wa mashindano ya vyuo: mwaka huo timu 68, na ukifungwa mara moja tu unarudi nyumbani. UConn ya kocha Dan Hurley ilishinda mechi sita mfululizo, na hakuna mpinzani aliyeukaribia ushindi kwa pengo la chini ya pointi 13. Ramadhani iliingia mashindano yakiwa katikati, na Sanogo alikuwa anafunga saumu. Mechi mbili za mwisho zilichezwa Houston usiku, jua likiwa limeshatua. Nusu fainali dhidi ya Miami alifunga pointi 21 na kudaka ribaundi 10. Fainali dhidi ya San Diego State, tarehe 3 Aprili, pointi 17 na ribaundi 10, UConn wakashinda 76 kwa 59. Akatangazwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho.

Msomaji atauliza, na fedha je? Tangu 2021 wanavyuo wa Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya biashara, lakini viza ya mwanafunzi inambana mgeni asifanye kazi humo nchini. Oscar Tshiebwe, mwana wa Lubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022, alilazimika kufanyia matangazo yake Bahamas timu yake ya Kentucky ilipokwenda kucheza huko. Naona ni dhuluma. Kijana anajaza uwanja, jezi zinauzwa, mwenzake wa kabati la pili analipwa, yeye hapana.

Juni 2023 NBA ilichagua wachezaji 58. Sanogo hakuwemo. Timu za leo zinataka senta awe mrefu wa kuziba ringi, au awe mwepesi wa kukimbizana na walinzi nje. Aliyekuwa akimpokea kutoka benchi, Donovan Clingan mwenye mita 2.18, alichaguliwa wa saba mwaka uliofuata.

Chicago Bulls walimchukua Sanogo kwa mkataba wa njia mbili: mchezaji anakwenda na kurudi kati ya timu kubwa na timu yake ya ligi ya chini, kwake ikiwa Windy City Bulls. Msimu ule mkataba huo ulilipa takriban dola 560,000, nusu ya kima cha chini cha mchezaji anayeanza NBA, na haukumruhusu kuwemo kwenye kikosi cha timu kubwa kwa zaidi ya mechi 50. Alisaini, akaenda kazini.